Mgongo wa Mlima

Mgongo wa mlima uko upande gani? Niliulizwa swali hilo siku moja ninayoikumbuka vizuri, katika ukumbi mmoja wa Mahajanga. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha chuo kikuu, na nilijibu kwa kukurupuka. Kibaya zaidi, mwanangu, nilidhani swali lenyewe halistahili jibu.

Ninakuandikia kwa Kiswahili hiki alichoniachia mama yangu. Wakati ule nyumbani tulisema Kingazidja, barabarani Kisakalava, na shuleni Kifaransa, kwa hiyo maneno ya watu utakayoyasoma humu nimeyageuza mwenyewe. Sauti zao sikuzigeuza. Bado nazisikia.

Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka michache tu. Sijui nikueleze vipi. Bendera mpya, stempu mpya, wimbo ambao hata walimu walikuwa bado wanaukosea. Kila wiki mtu alitangaza kitu kinachofanyika kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimerudi kwetu Mahajanga kutoka mji mkuu, kichwa kinachemka, na sikuamini chochote ambacho sikukihakikisha mwenyewe. Nilimhoji baba kwa nini anaiamini redio. Nilimhoji daktari wa meno. Mama alichoka, akanituma likizo kisiwani Nosy Be kwa shangazi yangu Zaliha, naye akachoka baada ya siku tatu.

Kwetu mtu haelekezi kaburi kwa kidole kilichonyooka. Hukikunja, akaonyesha kwa kifundo. Wakubwa husema ukinyoosha, kidole kitaoza. Basi tulipopita makaburini Hell-Ville, mji wa kisiwa hicho, nilinyoosha vidole vitano vyote.

"Kesho asubuhi uvikague, shangazi. Tuone kama vimeoza."

"Vidole vitakuwa vizima," akasema, bila hata kunitazama. "Kilichooza ni adabu."

Jirani yake alikuwa Zama Salimo. Zama maana yake mjomba, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kazi yake kuziba na kunyoosha mitungi ya shaba ya kukenekea mafuta ya mlangilangi, yale maua ya manukato. Ukikaa karibu naye ulinusa maua na moto kwa pamoja. Mitungi ikichakaa kabisa, wenye mashamba walimwachia shaba yake. Hiyo shaba ndiyo iliyonipeleka uani kwake, kwa sababu nilisikia mtu akikwaruza, akikwaruza, kutwa nzima, nikataka kujua anakwaruza nini.

Alikuwa anachora milima.

Hebu nikueleze, maana nikiikumbuka kazi ile moyo bado unanienda mbio. Alichukua kipande cha shaba, akakisugua kwa mkaa mpaka kikang'aa. Akakipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na lami ile ya mafundi mashua. Nta ikishakauka, akachora juu yake kwa sindano ya kushonea matanga iliyopachikwa kwenye kijiti. Sindano haikuchimba shaba, iliondoa nta tu. Kisha akalitia bati hilo la shaba kwenye bakuli la tindikali aliyoipata kwa sonara, na tindikali ikala pale tu sindano ilipopita. Vitone vya hewa vilipanda kwenye kila mstari, naye akavifagia kwa unyoya wa kuku, polepole, kama anayemlaza mtoto. Baadaye alifuta nta, akajaza mistari kwa wino wa masizi na mafuta ya kitani, akaufuta wa juu kwa kitambaa, na mwisho kwa kiganja. Juu yake ikawekwa karatasi iliyoloweshwa.

Na mashine ya kuchapia? Ilikuwa ya shemeji yake, ya kukamulia miwa. Vyuma viwili vya mviringo vinavyobana, na mpini wa kuzungusha. Zama aliviosha sukari, akalilaza bati kwenye ubao, akafunika karatasi kwa kipande cha blanketi, akavipitisha vyote katikati kama muwa.

"Madmuazeli," akaniambia siku ya kwanza, yaani binti kwa Kifaransa, "chuoni hawakukufundisha kuzungusha?"

"Walinifundisha kwa nini inazunguka, Zama."

"Basi simama hapo ueleze kwa nini, mimi nizungushe."

Alizungusha. Alipolifunua blanketi na kuivuta karatasi kwa ncha mbili, niliinama mpaka pua ikakaribia kugusa wino. Uwanda wa majani marefu ulilala karatasini, majani hayana mwisho, yameinamishwa na upepo upande mmoja, na nyuma yake milima myeusi yenye ukungu miguuni. Weusi ule ulikuwa na kina ambacho sijawahi kukiona kwenye kitabu chochote. Nilimwita shangazi kwa sauti akaja anakimbia na mwiko mkononi, akidhani nimeungua.

Nilimwuliza nani alimfundisha. Hakuna, alisema. Alikwenda kuziba mtungi kwa Mfaransa mmoja mwenye shamba, akaona ukutani picha ndogo ya mti. Pembezoni mwa picha karatasi ilikuwa imebonyea mraba, kama kitu kigumu kimekandamizwa. Aliutazama mraba ule wakati mtungi unapoa, akafika nyumbani akaanza kujaribu. Ilimchukua miaka saba kupata picha inayosomeka. Fikiri, mwanangu. Mtu aliuona ukingo tu, akaijenga kazi nzima kichwani. Mimi niliyejisifu kwa kuhoji, nilikuwa nimepita mbele ya picha mia za namna ile bila kuuona ukingo.

Nilihamia uani kwake. Nikawa nalowesha karatasi, nasaga masizi, nauliza. Na nilikuwa na la kuuliza. Kisiwani kuna bahari, miwa, msitu na mlangilangi. Majani haya aliyaona wapi?

"Zama, umewahi kukaa bara?"

"Bara ni kubwa."

"Lakini ulifika?"

"Nipe unyoya."

Nikamwuliza shangazi. "Tangu nimjue hajavuka hata hapo Antsahampano, bandari ya ng'ambo," akasema. Nikaandika akilini: anachora asichokiona.

Kisha habari ikaja. Mahajanga kutafanyika maonyesho ya mafundi wa pwani yote ya magharibi, na jopo la watu watatu litamchagua fundi mmoja awe mwalimu katika shule ya ufundi itakayofunguliwa. Atapewa chumba chenye madirisha na mashine halisi ya kuchapia. Nilikimbia nayo uani. Zama aliacha kusugua, akaniuliza mara mbili kuhusu mashine. Hakuuliza chochote kuhusu ualimu. Shemeji yake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mashine ya miwa inahamia shambani kwake kabla ya msimu, na hairudi. Bila mashine, shaba yake ingebaki shaba.

"Wakinipa hiyo," akasema, "nitachapa mpaka macho yakatae."

Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama wiki zile tano. Tulichapa picha kumi. Shangazi alitupikia na kutukemea kwa alama za vidole vyeusi kwenye milango yake. Watu wa mtaa walisimama uani wakibishana picha ipi ni nzuri, na mzee mmoja aliyekuja kuazima jiko akakaa mpaka alasiri, jiko amelisahau. Ya kumi ilikuwa kubwa kuliko zote, nayo ilimchukua Zama siku kumi na nne. Ilikuwa mlima ule mkubwa wa bara, ambao asubuhi isiyo na mawingu unauona kutoka gati ya Hell-Ville, ng'ambo ya maji: vilele vitatu, kirefu kabisa kiko kushoto. Niliujua kama ninavyoujua uso wa mama.

Lakini kwenye picha kilele kirefu kilikuwa kulia. Na chini yake, mahali pa bahari, palikuwa na majani.

Niliichukua picha mpaka kwenye kioo cha shangazi. Kiooni kilele kikahamia kushoto, mlima ukakaa kama unavyouona kutoka gatini. Mwanangu, nilifurahi kama mtu aliyegundua nyota. Nimeelewa. Kila kinachochorwa kwenye bati hugeuka karatasini. Mtu aliyesoma angechora kinyume ili kitoke sawasawa. Huyu hakusoma, amechora alivyouona, umetoka umegeuka. Halafu, kwa kuwa bahari ni ngumu kuchora, ametia majani. Tena nikaona na mkwaruzo. Mstari mwembamba uliokata majani kutoka pembe ya chini, ukaenda, ukakoma ghafla katikati ya uwanda. Sindano imeteleza, nikasema. Nilikuwa na maelezo kwa kila kitu, na yote yaliingiana.

Sikumwambia. Nilimhurumia, nikajiona mwema kwa kumhurumia.

Safari ya Mahajanga nilimshauri tuvuke kwa boti hadi Antsahampano, kisha tupande lori.

"Kwa njia hiyo, hapana," akasema Zama.

"Unaogopa lori?"

"Tutakwenda kwa meli."

Tukaenda kwa meli ndogo ya mizigo, Zama amekumbatia bomba la bati lenye picha kumi, na hakuliweka chini hata wakati wa kula. Mahajanga alifikia kwetu. Baba alimwazima koti. Lilikuwa refu mikononi, mama akalipunguza usiku huohuo, na asubuhi Zama alisimama mbele ya kioo akageuka kulia na kushoto kama bwana harusi. Mama akamwambia jopo litachagua koti kabla ya picha. Zama alicheka mpaka akakaa.

Ukumbini walihitaji mtu mwenye mwandiko mzuri wa Kifaransa aandike kadi za maelezo. Nilijitolea. Niliandika kadi za vinyago, za mikeka, za tarizi za kisiwa jirani cha Nosy Komba. Nilipofika kwenye mlima wa Zama nilisita, kalamu mkononi. Nilijiambia kwamba nchi mpya haijengwi kwa kuficha ukweli. Nikaandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wote: Mlima wa bara unavyoonekana kutoka Nosy Be. Picha imegeuka na ina mkwaruzo wa bahati mbaya, kwa kuwa fundi amejifunza peke yake.

Niliona hata inapendeza. Itawafanya watu wampende.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Kulikuwa na tarumbeta nje, watoto wa shule, watu waliovuka kwa feri kutoka Katsepy wamevaa nguo za sikukuu. Zama alisimama pembeni ya mlima wake ndani ya koti la baba. Watu walikuja, wakatazama picha, wakavuta pumzi. Kisha wakainama kusoma kadi, wakatabasamu, wakaondoka. Yeye akawarudishia kila tabasamu. Saa nzima aliyarudisha.

Jopo likafika. Mkubwa wao alisimama mbele ya mlima ule muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote. Akasogeza miwani, akainama, akasoma. Akamgeukia mwenzake, akasema kwa Kifaransa, bila ubaya wowote, "Fundi asiyejua kulia na kushoto atamfundisha nani?" Wakacheka kidogo, wakasogea kwenye vinyago.

Hakuna aliyemwuliza Zama neno. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale, najua lugha zote mbili, na mdomo wangu ambao haukuwahi kunyamaza tangu nizaliwe ulinyamaza.

Alasiri walimtangaza mchonga vinyago. Watu wakapiga makofi, Zama naye akapiga. Alipomaliza akaniita.

"Njoo unisomee hii kadi. Watu wameipenda kuliko picha."

Ningeweza kudanganya. Nilimsomea yote, neno kwa neno, kwa Kisakalava. Sauti yangu ilizidi kupungua. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mtungi unaovuja.

"Wewe uliandika?"

"Mimi, Zama."

"Uliniuliza?"

Nikamwambia nilimwuliza mara nyingi kuhusu bara na hakunijibu. Akakubali kwa kichwa. Hilo ni kweli, akasema, hakujibu. Kisha akaigeukia picha. Akakunja kidole chake cheusi na kwa kifundo akagusa karibu na ule mkwaruzo, pale unapokomea.

"Na hapa umesema sindano iliteleza."

"Haikuteleza?"

Ndipo aliponiuliza lile swali. "Mgongo wa mlima uko upande gani, Madmuazeli?"

"Mlima hauna mgongo, Zama."

"Umekwenda kutazama?"

Nikasema hakuna haja ya kwenda, ni jambo la akili tu. Akalivua koti, akalikunja vizuri, akanipa nimrudishie baba.

Mashine ya miwa iliondoka mwezi uliofuata. Shangazi aliniandikia kwamba Zama amejaribu kuchapa kwa kusugua karatasi kwa mgongo wa kijiko, picha ndogo ndogo za ukubwa wa kiganja, kisha ameacha. Picha kubwa ya mlima aliniachia mimi, na niliitundika chumbani kwangu, kisha katika kila nyumba niliyohamia. Alikufa kabla sijarudi kisiwani. Nilikuwa nimejipangia kumwomba radhi kwa kumvunjia heshima. Kuhusu mlima, bado niliamini nilikuwa sahihi.

Nikawa mkaguzi wa shule. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imepita nilipotumwa kwenye shule za ndani kabisa, nyuma ya ile milima, ambako gari hufika miezi michache tu kwa mwaka. Siku ya tatu tulipanda kijilima, tukatokea kwenye uwanda. Majani marefu yasiyo na mwisho, yameinama upande mmoja. Na mbele yangu vilele vitatu, kirefu kabisa kiko kulia.

Nilimwambia dereva asimame. Aliniuliza kama naumwa. Nilikuwa nacheka peke yangu, nikashuka nikakimbia kwenye majani na viatu vyangu vya ofisini, mwanamke mzima mwenye faili kwapani. Mlima ukiuzunguka hadi nyuma, mwanangu, kulia kwake kunakuwa kushoto. Mtoto wa darasa la pili angenieleza. Zama hakugeuza chochote. Alisimama hapa.

Bibi mmoja wa kijiji cha karibu alinieleza mengine. Zamani, wakati wa serikali ya wakoloni, vijana wa pwani waliletwa kwa nguvu kuchimba barabara uwandani pale. Wengi waliugua. Kijana mmoja mwembamba, aliyekuwa akichora juu ya mawe kwa mkaa jioni, alitoroka, akaenda kwa miguu kuelekea baharini, na hawakumwona tena. Aliyetoroka kazi ile alifungwa akikamatwa. Wakoloni waliondoka, lakini hofu haikuondoka siku hiyohiyo. Ndiyo maana bara ilikuwa "kubwa". Ndiyo maana tulikwenda kwa meli.

Na nilipofika nyumbani nilikimbilia picha ukutani kabla ya kuvua viatu. Pembeni chini palikuwa na jina lake, kwa herufi za Kiarabu, alivyojifunza chuoni utotoni. Salimo. Mimi nami nilipita chuo cha Kurani, na nimelisoma jina lile mara elfu. Lilisomeka sawasawa. Mtu asiyejua kwamba bati hugeuza, jina lake lingetoka kinyume. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza, kwenye karatasi ileile niliyoipeleka kwenye kioo.

Kwa hiyo nasaha yangu si ile unayoitarajia kwa mzee. Sitakwambia uache kuhoji. Hoji, mwanangu, mimi bado nahoji, muulize daktari wangu. Lakini shaka yako isisimame mara tu inapofika kwenye jibu linalokupendeza. Nilitilia shaka mkono wa Zama, macho yake na kusoma kwake. Maelezo yangu mwenyewe sikuyatilia shaka hata dakika moja. Furaha ile ya kusema nimeelewa, ukiisikia inapanda kifuani, iache ipande, ni tamu na ni halali yako. Ila usiandike kadi siku hiyo. Nenda kwanza ukatazame upande wa pili. Na mtu akikaa kimya, usiujaze ukimya wake kwa hesabu zako. Mngoje. Na ukiwa na lugha mbili mahali ambapo mwenzako ana moja, jua kwamba mdomo wako ni wa watu wawili.

Mungu akupe macho yanayochelewa kuridhika, na miguu ya kukufikisha unakotilia shaka. Akukutanishe na watu wanaojua zaidi ya wanavyosema, na akupe heshima ya kuwauliza wakiwa hai.

Kuhusu ule mkwaruzo, yule bibi alinipeleka. Ni barabara ile waliyokuwa wakiichimba, imeota majani lakini bado unaiona, nayo inakoma katikati ya uwanda, pale pale. Dereva aliuliza inakomea wapi, nikanyoosha mkono nimwonyeshe. Ndipo nikayaona mawe mwishoni mwake, yamepangwa mafungu kumi na moja, kila fungu urefu wa mtu, nikakunja kidole.